Wimbo ukishuka, msianze na besi: utatuzi wa matatizo ya kikundi kidogo cha kuimba bila ala

Kwenye kwaya ya watu 40 mtu anaweza kunyamaza mistari miwili akameza mate, na wimbo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye kikundi cha wanne, watano au sita, kila mmoja na sauti yake, bila kinanda wala gitaa, ukinyamaza kuna nota imekosekana na kila mtu ameisikia. Ndiyo maana katika vikundi hivi kasoro haikawii kutafutiwa mwenyewe, na mara nyingi hubandikwa asiyehusika. Inasikika kwa mmoja ilhali imeanzia kwa mwingine, au imetokana na ki (kimo ambacho wimbo umewekwa, yaani do yenu iko wapi), mpangilio wa sauti (nani ameandikiwa nota zipi), jinsi mlivyosimama, hata ratiba ya mazoezi.

Kwa hiyo hapa tunaanza na kile mnachokisikia, kisha tunarudi nyuma kutafuta chanzo. Mimi naimba besi, sauti ya chini kabisa, inayoshtakiwa kwanza wimbo unaposhuka. Nisomeni mkilijua hilo.

Kuna vitu viwili vya kuweka karibu kabla hamjaanza kupimana. Cha kwanza ni simu ya kurekodi, iwekwe juu ya kiti hatua chache mbele yenu, si mkononi mwa mwimbaji. Mwimbaji hujisikia kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa chake mwenyewe, kwa hiyo sauti anayoisikia yeye si ile inayomfikia aliyekaa mbele. Cha pili ni chanzo cha nota kisichobishaniwa: uma wa sauti unaotoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde, au programu ya simu inayofanya kazi hiyohiyo. Mkikosa hivyo viwili mtabishana mpaka usiku, na atakayeshinda ni mwenye maneno mengi.

Dalili: mmeanza G, mmemaliza nusu toni chini

Hili ndilo tatizo mama (nusu toni ni hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda), na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Kiongozi anasema "msishuke", watu wanakaza shingo, na wimbo unashuka vilevile, safari hii kwa sauti za kubana.

Kwanza tafuteni ni wapi. Imbeni ubeti mmoja, simameni, pigeni do ya mwanzo. Mko palepale? Endeleeni ubeti wa pili, mpime tena. Kuna vikundi vinavyoshuka ghafla mahali pamoja, halafu vinatulia hapo chini hadi mwisho. Vingine vinateleza kidogokidogo tangu mstari wa kwanza. Hizo ni hali mbili tofauti, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Kama mnaanguka mahali pamoja, angalieni melodi inafanya nini pale. Mara nyingi mtakuta inashuka ngazi: so, fa, mi, re, do. Wengi wetu tukishuka tunapiga hatua kubwa kuliko inavyotakiwa, na tukipanda tunapiga hatua ndogo. Pale kwenye fa kwenda mi hatua ni nusu toni tu, lakini mwimbaji akiwa na haraka anaikanyaga kama toni nzima na ushee. Mi ikishazama, do inayofuata inazama nayo. Sasa tazameni kinachotokea: sauti ya kwanza imezamisha mi, besi ana masikio, anashuka kumfuata ili wapatane, na msikilizaji anayesikia sakafu imeshuka anasema besi ameangusha wimbo. Besi alikuwa anafuata tu.

Kulithibitisha hilo, mtu mmoja ashike do kwa "nu" ndefu bila kukata, na mwenye melodi apite kipande hicho polepole sana juu yake. Akifika mi asimame. Kama imezama, wote mtaisikia ikikwaruzana na do iliyoshikwa. Rudieni hadi mi isimame juu yenyewe, bila mtu kunyoosha kidole kuelekea dari. Kisha nendeni kwenye ti ya mwisho wa wimbo, ile inayotangulia do. Hapo ndipo wanaoimba sauti ya pili na ya tatu hulala, maana nota yao haina uzuri wowote ikiwa peke yake na hakuna anayeipigia makofi.

Mahali pengine pa kuangalia ni nota inayojirudia. Mpangaji wa sauti akikuandikia so nane mfululizo, ya nane haitakuwa pale ilipokuwa ya kwanza, labda uwe unaipiga upya kila mara kama vile ndiyo unaanza. Alto, sauti ya chini ya wanawake, wanaijua taabu hii, kwa sababu wapangaji huwapa alto nota zilizobaki. Na besi, kwa haki, tuna letu: tukiruka kutoka so kwenda do ya chini na kurudi, mara nyingi haturudi tulipotoka. Besi aimbe so, aende do, arudi so, huku mwenzake ameshika so ileile bila kusogea. Wawili hao watajua ukweli ndani ya dakika moja.

Kama mnateleza kidogokidogo, achaneni na nota, tafuteni pumzi. Kwenye kwaya kubwa watu wa sauti moja hupokezana pumzi, mmoja akivuta mwingine anaendelea, na msikilizaji hajui kitu. Ninyi hamna mtu wa kumpokea. Kwa hiyo mahali pa kuvuta pumzi panapaswa kupangwa na kuandikwa kwenye karatasi kama nota nyingine yoyote, la sivyo kila mtu atabana hadi aishiwe, na sauti inayoishiwa hewa haina pa kwenda ila chini. Sikilizeni silabi mbili za mwisho za kila mstari kwenye rekodi. Zikiwa zimelegea, mmepata jibu.

Halafu angalieni ki yenyewe. Kila koo lina mshono, mahali ambapo sauti ya kifua inakabidhi kwa sauti ya kichwa. Melodi ikikaa muda mrefu juu ya mshono huo, mwimbaji anahangaika kuchagua upande na ki inateleza katikati ya mahangaiko. Jaribuni wimbo uleule ukiwa umepandishwa nusu toni. Ndiyo, kupandisha. Inashangaza jinsi wimbo unaoshuka kila siku ukiwa F unavyotulia ukiwa F kali, nusu toni juu yake, kwa sababu tu mwenye melodi amevuka mshono. Isipotulia, shusheni nusu toni mjaribu tena.

Kuna chanzo kimoja kisicho kosa la mtu yeyote, na nakitaja kwa sababu vikundi vizuri ndivyo vinavyokutana nacho. Sauti za watu, zikiachwa zipatane zenyewe, hazikai mahali pa kinanda. Nusu toni hugawanywa katika senti 100, na mi inayopatana kabisa na do iko senti 14 hivi chini ya mi ya kinanda. Sasa chukueni mzunguko wa kawaida sana wa akodi (nota kadhaa zinazoimbwa kwa pamoja): akodi ya do, kisha ya la, kisha ya re, kisha ya so, na kurudi do. Mkipatanisha kila akodi kikamilifu na iliyotangulia, mtakaporudi do mtakuwa chini kwa takriban senti 21 na nusu. Zungukeni mara tano, mmeshuka nusu toni nzima na hakuna aliyekosea. Mtaliano Giovanni Battista Benedetti alilieleza jambo hili katika karne ya 16, kwa hiyo hamko peke yenu. Dawa ni kukubaliana nani anatunza kumbukumbu ya do, kwa kawaida mwenye melodi, na wengine wajisogeze kidogo kumfuata badala ya kila akodi kuanzisha makao mapya.

Maoni yangu: kikundi kikishuka pamoja, sawasawa, robo toni katika wimbo wa dakika nne, msikilizaji hajui na hana sababu ya kujua. Kinachomfikia ni sauti zisizopatana, na nyuso za waimbaji wanaotazamana kwa lawama.

Kupanda ki hutokea pia, ila si sana, na karibu kila mara ni hofu. Koo limepanda, mwendo umeongezeka, pumzi zimekuwa fupi. Tibuni mwendo, ki itajirekebisha.

Dalili: nota zote ni sahihi lakini sauti hazishikani

Kila mmoja akiimba peke yake mbele ya programu ya kupima, yuko sawa. Mkiimba pamoja, ni watu watano waliokutana njiani.

Anzeni na vokali. Watu husema Kiswahili kina vokali tano tu, na zote ziko wazi, kwa hiyo tatizo hili ni la lugha nyingine. Ingekuwa hivyo tungepumzika. Shikeni "ni" ya mwisho wa "amani" kwa hesabu nane, mrekodi. Kufikia hesabu ya tano mmoja ameshaigeuza "ne", mwingine ameibana hadi inatoka puani, na nota ni ileile. Kaeni mduara, mchague nota moja na vokali moja, na mpokezane: wa kwanza anaanza, wa pili anaingia juu yake, wa kwanza ananyamaza, hivyohivyo hadi kuzunguka. Pale vokali inapobadilika rangi kila mtu atasikia. Tazamaneni midomo. Mara nyingi tofauti yote ni taya lililofunguka upana wa kidole kimoja zaidi.

Halafu kuna silabi zetu zenye hila. "Mtoto" ina m inayosimama peke yake. Je, inapewa nota yake, au inabanwa ndani ya nota ya "to"? Mmoja akiimba m-to-to na mwingine mu-to-to, mmeshaachana kabla wimbo haujaanza. "Haina": mnakaa kwenye "ha" hadi lini ndipo mwende kwenye "i"? Na maneno yanayoanza kwa mb, nd au ng' huanza kulia kabla ya vokali, hivyo anayewahi "mb" ya "mbali" anasikika akinguruma wakati wenzake bado wanavuta pumzi. Haya si mambo ya kipaji. Ni mambo ya kukubaliana na kuandika kwa penseli.

Vokali zikishakaa sawa, nendeni kwenye akodi yenyewe. Besi ashike do. Mwingine aweke so juu yake, na msiende popote hadi hizo mbili zitulie. Mtajuaje zimetulia? Sauti mbili zilizokaribiana bila kufikiana hutoa mapigo, wo-wo-wo, yanayosikika kama sauti inapumua. Mitetemo 440 na mitetemo 442 hutoa mapigo mawili kwa sekunde. Mkikaribiana zaidi yanapungua kasi, na mkifikiana yanakoma. Mwenye mi aingie mwisho, kwa sauti ndogo, akitafuta pale mapigo yanapokoma. Kama amejifunza sauti yake kwa kinanda ataiweka juu kidogo, zile senti 14. Hapa walimu wengi wa kwaya watanipinga, kwa sababu wamezoea kusema "pandisheni mi!" Wako sahihi kwa waimbaji wanaoizamisha. Aliyeshatulia hahitaji kupandishwa, anahitaji kusikiliza.

Mizani nayo ina kazi. Do iwe nzito, so iiegemee, mi iwe nyepesi kuliko zote. Kikundi ambacho mwenye mi ndiye mwenye sauti kubwa kitasikika kikali hata nota zikiwa safi. Mtikisiko wa sauti si dhambi, lakini wawili wakitikisa kwa kasi tofauti kwenye akodi ndefu hakuna kitakachoshikana. Anayeongoza melodi atikise akitaka, wengine wanyooshe.

Dalili: sauti moja inatoka nje

"Punguza." Neno hili linasemwa kila zoezi, na mhusika anapunguza mistari miwili kisha anarudi alipokuwa. Hana kiburi. Kuna uwezekano mkubwa hajisikii.

Mtafiti wa Kiswidi Sten Ternström alipochunguza wanakwaya, aliona kwamba kwa wastani mwimbaji hupendelea kujisikia kwa desibeli 6 hivi (kipimo cha ukubwa wa sauti) juu ya sauti za wenzake. Akijisikia chini ya hapo anaongeza bila kujua. Tabia ya mtu kupandisha sauti pakiwa na kelele imejulikana tangu daktari wa Ufaransa Étienne Lombard alipoieleza mwaka 1911. Kwa hiyo msogezeni mhusika kabla ya kumkanya. Mweke pembeni ambapo ukuta unamrudishia sauti yake. Mtenganishe na jirani mwenye sauti kali. Ongezeni nafasi ya nusu hatua kati yenu. Jaribuni mipangilio mitatu ya kusimama kwa wimbo uleule, mrekodi yote, na mnaweza kushangaa kwamba "mwenye fujo" ametulia bila mtu kumwambia neno.

Kama hajatulia, chunguzeni mpangilio wa sauti. Tenori (mwimbaji wa sauti ya juu ya wanaume) aliyeandikiwa nota za juu kabisa hawezi kuziimba kwa unyenyekevu, na alto aliyeandikiwa nota za chini kabisa hawezi kusikika hata akijipasua. Mkiwasikia hao wawili mtadhani tenori anajionyesha na alto ni mvivu, kumbe ni kalamu ya mpangaji. Badilishaneni nota, au badilisheni ki.

Na hakuna sheria kwamba lazima muwe kwaya iliyopunguzwa, mtu mmoja kwa kila moja ya sauti nne. Ladysmith Black Mambazo, kikundi alichokianzisha Joseph Shabalala Afrika Kusini, hujaza besi wengi chini na kuacha sauti za juu kwa wachache sana, na uzito huo wa chini ndio utambulisho wao. The King's Singers, walioanza Uingereza mwaka 1968, ni wanaume sita: wawili wanaimba sauti za juu za kichwa, tenori mmoja, baritoni (sauti ya kati ya wanaume) wawili, besi mmoja. Wote hao wanaimba mipangilio iliyotungwa kwa ajili ya makoo waliyo nayo. Kikundi chenye besi wawili na bila soprano (sauti ya juu ya wanawake) kikiimba karatasi ya soprano, kitahangaika mwaka mzima kutafuta kosa la mtu.

Dalili: mnaanza ovyo, kisha mnakimbia

Mwanzo mbovu hutokana na pumzi. Bila mwongozaji mbele, pumzi ya mmoja wenu ndiyo fimbo ya kuongozea. Chagueni nani, na avute pumzi kwa mwendo wa wimbo: wimbo wa polepole, pumzi ya polepole. Akivuta haraka kwa hofu, mtaanza haraka, na hamtajua kwa nini. Nota za kuanzia zitolewe kutoka do moja, kila mmoja ajitafutie yake kwa kuguna kimya. Kama kuna anayehitaji kupigiwa nota yake mwenyewe, hajashika sauti bado, na hilo ni tatizo la nyumbani.

Kukimbia kuna chanzo kimoja kinachosahaulika: pumzi inaibwa kutoka wapi? Mtu akishika nota ya mwisho ya mstari hadi tamati kisha avute pumzi, ataanza mstari unaofuata akiwa amechelewa, na wenzake watakimbia kumfidia, au yeye atakimbia kuwafikia. Kateni nota ya mwisho mapema kidogo, mvute pumzi ndani ya muda wake. Jambo jingine ni konsonanti. Vokali ndiyo inayoangukia kwenye pigo, konsonanti inatangulia. Imbeni mkitembea papo hapo, miguu ikihesabu, na mtamsikia mara moja anayeweka "b" juu ya pigo na "a" nyuma yake.

Mkitawanyika kwenye jukwaa pana, sauti yenyewe inachelewa. Inasafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wa kulia na wa kushoto waliotengana mita 10 wanasikiana kwa kuchelewa karibu sehemu 3 za mia za sekunde. Kila mmoja akimngoja mwenzake, wimbo unavutika. Simameni nusu duara, karibu kiasi cha kusikiana pumzi.

Dalili: mazoezi yanaisha na hakuna kilichosonga

Mmeimba wimbo mzima mara sita, wa mwisho sawa na wa kwanza. Chanzo ni kuanza mwanzo kila mara. Beti ya kwanza imeiva hadi imeungua, mwisho bado mbichi. Anzeni na mahali pabovu zaidi, na mshike mistari miwili tu. Siku nyingine anzeni na mstari wa mwisho, kisha wa kabla yake, mkirudi nyuma, ili mnapoimba kwenda mbele muwe mnaelekea mnapopajua.

Kuchelewa ni hesabu rahisi. Dakika 20 za mmoja, kikundi kikiwa cha watano, ni dakika 80 za wenzake wanne.

Dalili: watu wamenyamaza, na si kwa ajili ya pumzi

Kikundi kidogo hakivunjiki kwa ugomvi mkubwa. Kinavunjika kwa mmoja kuanza kufika amechelewa, kuondoka mapema, kusema "nyie amueni tu, mimi nitafuata." Ukisikia sentensi hiyo ya mwisho, simamisha zoezi.

Mara nyingi chanzo ni namna ya kusahihishana. "Kaka, umeshuka tena" ni hukumu. Hata kama ni kweli, anayeambiwa atajitetea. "Mstari wa tatu, kwenye 'nitarudi', ile 'ta' nasikia nota mbili, turudie pale" ni kazi. Tofauti ni kwamba ya pili inataja mahali na kuacha wote wawe washukiwa, jambo ambalo, kwa yote tuliyoyaona juu ya mi na besi, ndilo la haki zaidi. Mwenye ruhusa ya kusimamisha wimbo awe mmoja kwa kila wimbo, na zamu izunguke. Watano wakisimamisha kwa pamoja hakuna mstari utakaofika mwisho, na yule mpole, ambaye pengine ndiye mwenye sikio zuri kuliko wote, hatafungua mdomo milele.

Nani anapewa kuongoza? Kama ni yuleyule kila wimbo, semeni wazi sababu. Watu huvumilia "sauti yako inafaa huu, yake inafaa ule" kuliko ukimya. Fedha za onyesho zisemwe kabla ya kwenda, si mkiwa garini mnarudi: gharama zinatolewa kwanza au la, aliyepanga sauti anahesabiwa kazi yake au la, asiyefika mazoezini anapata sawa au la. Andikeni hata kwenye ujumbe wa simu. Hakuna jibu moja sahihi, ila jibu lililotolewa baada ya bahasha kufunguliwa karibu kila mara ni baya.

Dalili: koo

Asubuhi sauti iko chini. Besi hufurahi, tenori hulalamika, na wote wana sababu. Msipange nyimbo za juu kwa zoezi la alfajiri.

Maji mnayomeza jukwaani hayagusi nyuzi za sauti, yakipita huko mtakohoa. Yanalowesha mdomo tu. Maji ya kusaidia ni yale mliyokunywa saa kadhaa kabla. Kukohoa ili kusafisha koo kunagonganisha nyuzi hizo. Mezeni mate badala yake. Kunong'ona siku mnapougua si mapumziko, kwa wengine kunachosha koo zaidi ya kuongea polepole. Sauti ikipotea, nyamazeni, au zoezini mwimbe oktava moja chini (nota zenye majina yaleyale, ila za chini) huku mkishika maneno. Ukwaruzaji unaozidi wiki 3 unahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Na dawa ya maumivu saa moja kabla ya onyesho inaficha tu onyo ambalo koo linawapa.

Dalili: mazoezini safi, kwenye vipaza sauti vurugu

Kipaza sauti kimoja kwa wote: simameni nusu duara, mizani mpange kwa miguu. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inapungua kama desibeli 6, kwa hiyo mwenye melodi asogee hatua moja na kazi imekwisha.

Kila mmoja na chake: umbali wa mdomo uwe uleule kwa wote. Vipaza sauti vingi vya mkononi huongeza uzito wa sauti za chini mdomo ukikaribia sana. Besi na mpiga ngoma kwa mdomo wautumie ujanja huo, wengine waukwepe. Msifumbate kichwa cha kipaza sauti kwa kiganja, ndipo spika zinapopiga mluzi. Fundi mitambo akiwauliza mnataka nini kwenye spika zinazowaelekea, jibu si "kila kitu". Ombeni besi na melodi. Kila mmoja akisikia sakafu na paa atajipata katikati.

Dalili: mmoja hayupo na onyesho ni kesho

Jaribuni akodi kwa akodi. Nota ya kwanza kutupwa ni so, mradi do na mi zipo. Sikio linaijaza lenyewe. Mi isitupwe, ndiyo inayosema kama akodi ni ya furaha au ya huzuni. Kwenye akodi ya so, ti, re, fa inayorudisha nyumbani, tupeni re, mbaki na ti na fa ambazo ndizo zenye kazi. Akikosekana besi, mwenye sauti ya chini inayofuata achukue mstari wake, na mpandishe ki toni moja au mbili ili aufikie. Akikosekana mwenye melodi, mtu ahame kutoka sauti yake, na hapo ndipo mtajua kama mna watu wanaojua wimbo au watu wanaojua mstari wao tu; kwa hiyo mara mojamoja mazoezini mwambieni mmoja aketi, wengine waimbe.

Na kama hakuna mwingine anayejua maneno ya ubeti wa pili, utoeni wimbo huo kwenye orodha leo, kabla mshereheshaji hajapewa karatasi ya kuusoma.